Je, ni kweli Alan Rickman alianza kuigiza akiwa na miaka 42?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 31, nafanya kazi ya grafiki kwenye duka la uchapishaji hapa Mwanza: kadi za harusi, mabango, fulana. Jioni niko na kikundi cha maigizo, huu mwaka wa tatu. Kuna picha inazunguka kwenye simu inasema Alan Rickman, yule aliyecheza Snape kwenye Harry Potter, alikuwa mtu wa grafiki kama mimi, akaanza kuigiza akiwa na miaka 42 na akawa nyota kwa filamu yake ya kwanza. Nimeamua kuacha kazi Desemba nifuate ndoto. Mke wangu anasema nimedanganywa na picha. Kingine, kila usiku najifunza kuongea kwa sauti nzito kama yake, ila wiki ya tano hii naamka sauti imekauka, hairudi mpaka saa nne. Je, nimechelewa? Na hii sauti nifanyeje ikomae?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na koo, maana lenyewe halisubiri Desemba. Hilo zoezi la usiku liache leo. Usiseme utalipunguza au utalifanya siku mojamoja, liache kabisa. Sauti inayokauka kila asubuhi kwa wiki tano haikomai, inaumia. Kwa nini inaumia nitakueleza huko chini. Kwanza tuitazame hiyo picha.

Nikikuelewa vizuri, shida yako hasa si Rickman. Unataka kujua kama mtu anaweza kunyanyuka kwenye kompyuta ya duka akatokea kwenye bango la filamu bila kupita katikati. Rickman wa kwenye picha aliruka. Rickman mwenyewe alipita katikati yote kwa miguu, na humo katikati ndimo yalimo majibu yako.

Hiyo 42 imetoka wapi? Alizaliwa Acton, magharibi mwa London, tarehe 21 Februari 1946. Die Hard, filamu yake ya kwanza ya sinema, ilitoka Marekani Julai 1988. Toa, utapata 42. Kwa hiyo aliyetengeneza picha hakuibuni namba, amekata tu kipande cha mbele. Ni sawa na kusema mkulima alianza kilimo siku aliyofikisha gunia sokoni. Kufikia Julai ile Rickman alikuwa na miaka 14 ya kuigiza kwa ujira tangu atoke chuoni. Alikuwa ameshaonekana kwenye televisheni ya BBC mara kadhaa. Alikuwa ameshajiunga na Royal Shakespeare Company, kampuni kubwa ya maigizo ya Uingereza, akaiacha, akairudia. Na huko New York alikuwa ameshateuliwa kuwania tuzo ya Tony, ambayo kwa watu wa jukwaa hakuna iliyo juu yake. Ni watu wa sinema tu ndio walikuwa hawajamwona.

Sasa turudi alikotoka. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwandani na fundi wa kupaka rangi nyumba; alifariki kwa saratani ya mapafu Alan akiwa na miaka minane. Mama akabaki na watoto wanne kwenye nyumba za halmashauri, akawalea kwa mshahara wa posta. Kijana akapata ufadhili wa kusoma Latymer Upper, shule iliyopenda maigizo, na huko akapanda jukwaani. Lakini alipotimiza miaka 18 hakwenda chuo cha uigizaji. Alisema baadaye kwamba kwa umri ule halikuonekana jambo la busara. Ukilelewa na mama mjane mwenye watoto wanne, nadhani unaelewa busara hiyo ilitoka wapi.

Akaenda chuo cha sanaa cha Chelsea kusomea grafiki, akaendelea Royal College of Art, kisha yeye na marafiki wakafungua studio yao. Hapo ndipo ulipojiona wewe. Ila kuna jambo picha yako imelificha: mwaka 1965, akiwa na miaka 19, tayari alikuwa anaigiza na kikundi cha ridhaa. Ndiko alikokutana na Rima Horton, wakawa pamoja hadi kifo kilipowatenganisha. Kwa hiyo hata alipokuwa mtu wa grafiki hakuwa ameacha jukwaa. Alikuwa kama ulivyo sasa, mchana meza ya kuchora, jioni mazoezi.

Mwaka 1972, akiwa na miaka 26, akaandika barua RADA kuomba usaili. Chuo hicho cha uigizaji kipo London tangu 1904, na mwanafunzi wa miaka 26 kati ya vijana wa 18 na 19 alikuwa kama kaka mkubwa darasani. Alisoma miaka miwili na kuondoka na medali ya dhahabu ya Bancroft. Wengi wakisimulia maisha yake hukimbilia medali. Mimi huwa nakaa kwenye kibarua alichofanya ili aweze kula, kwa sababu kibarua hicho kinaonyesha mengi zaidi.

Alikuwa mvalishaji. Kila jumba kubwa la maigizo lina mtu wa kumhudumia mwigizaji nyuma ya pazia: anapiga pasi shati la onyesho, anahesabu vifungo, anashika koti likiwa limefunguliwa ili mwigizaji akitoka jukwaani aingize mikono na kurudi ndani kwa sekunde chache, kisha anafua jasho la mtu mwingine. Rickman aliwavalisha Sir Ralph Richardson, mmoja wa waigizaji wakubwa kabisa wa karne ile, na Nigel Hawthorne. Sasa fikiria mtu aliyekuwa na studio yake mwenyewe anasimama gizani na koti la mwenzake mkononi. Lakini kwa mvalishaji hakuna tiketi inayolipwa, na kiti chake kiko karibu kuliko cha mtazamaji yeyote. Usiku baada ya usiku unamwona bingwa akisema mstari uleule, jana umechekesha, leo haukuchekesha, na unaanza kuona sababu. Miaka kumi baadaye, mwaka 1982, BBC walitengeneza tamthilia ya The Barchester Chronicles. Hawthorne alicheza kasisi mwandamizi mwenye hasira, na padri mnafiki anayemkera, Obadiah Slope, alikuwa yule aliyekuwa akimshikia koti.

Baada ya chuo, 1974, ndipo inapoanza sehemu ambayo picha za kutia moyo huwa haziigusi, kwa sababu haina mvuto. Uingereza ya wakati ule karibu kila mji mkubwa ulikuwa na jumba la maigizo lenye kikundi chake cha kulipwa, na ruzuku ya serikali na ya halmashauri ndiyo iliyoliweka hai. Rickman alizunguka kwenye majumba hayo, Manchester, Leicester, Sheffield, Birmingham, Bristol. Utaratibu ulikuwa mgumu na mzuri: usiku mnacheza mchezo mmoja, mchana kikundi kilekile kinafanya mazoezi ya mchezo unaofuata, baada ya wiki chache mnabadilisha, mnaanza upya. Mwezi huu wewe ni askari, mwezi ujao ni mzee mwenye gongo, unaofuata una mistari mitatu na trei ya chai. Huna muda wa kujipenda. Ukikosea Jumatatu unarekebisha Jumanne, mbele ya watu waliolipa.

Na mlango wa kuingilia ulikuwa mwembamba. Chama cha waigizaji, Equity, kilikuwa kinadhibiti nani aajiriwe: bila kadi ya chama hupati kazi, na bila kazi hupati kadi. Majumba ya mikoani yaliruhusiwa kutoa kadi chache tu kwa waigizaji wapya kila mwaka, ndiyo maana vijana walikubali kwenda popote. Utaratibu huo ulivunjwa na sheria za kazi mwishoni mwa miaka ya 1980. Nakutajia ili uone kwamba miaka yake ya kutojulikana haikuwa bahati mbaya wala uvivu. Ndivyo njia yenyewe ilivyokuwa imejengwa.

Mwaka 1978 akaingia Royal Shakespeare Company. Ungesema amefika. Hakuwa na furaha, akaondoka. Akashuka kwa hiari yake hadi kwenye majumba madogo ya London, likiwemo la Bush, yanayocheza kazi mpya za waandishi walio hai, ambako mwandishi yupo chumbani na unaweza kumuuliza mhusika wake anataka nini. Huo ndio uamuzi wake ninaoupenda kuliko yote. Alirudi kwenye kampuni ile 1985 akiwa mwigizaji mwingine, na mwaka huohuo akapewa Valmont kwenye Les Liaisons Dangereuses ya Christopher Hampton.

Mchezo ule ulianzia The Other Place, kibanda cha mabati pale Stratford ambacho watazamaji wake walikaa karibu kiasi cha kusikia nguo ikisuguana. Mtu aliyepaza sauti mle alionekana mjinga. Valmont ni mtongozaji mkatili. Rickman akamcheza polepole, kwa upole, kana kwamba ana muda wote wa dunia. Mchezo ukaenda London, kisha New York mwaka 1987, maonyesho manane kwa wiki. Watayarishaji wa Die Hard walimwona huko. Hakuitafuta filamu, na alipopewa muswada wenyewe alisita, hakutaka kuanza sinema na filamu ya bunduki.

Hapa ngoja nikupe kitu cha watu wa grafiki. Mhalifu mkuu, Hans Gruber, alikuwa amepangiwa kuvaa kigaidi kama wenzake. Rickman akamwachia mtayarishaji Joel Silver kikaratasi chenye mapendekezo, mojawapo likiwa kwamba Gruber angependeza zaidi akiwa ndani ya suti. Akarudi London. Muswada mpya ulipomfikia, Gruber alikuwa na suti, na palikuwa na tukio jipya ambamo anakutana na askari anayemsaka na kujifanya mateka Mmarekani. Bila suti tukio hilo halingewezekana, maana hakuna mateka anayevaa kigaidi. Aliyewaza hivyo hakuwaza kama mwigizaji peke yake. Aliwaza kama mtu aliyepanga maumbo kwenye karatasi kwa miaka mingi, anayejua kwamba jicho husoma umbo kabla halijasoma neno. Kwa hiyo usiseme miaka yako ya mabango imepotea.

Na ili usidhani baada ya hapo ilikuwa asali tupu: mwaka uleule wa 1988 Liaisons ilifanywa filamu, na Valmont akapewa John Malkovich. Uhusika alioubeba tangu kibanda cha mabati ukaenda kwa mwingine. Alipata BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, kwa kucheza Sherifu wa Nottingham kwenye filamu ya Robin Hood ya 1991, akapata tuzo za Marekani za Emmy na Golden Globe kwa kumcheza Rasputin, na kwenye filamu nane za Harry Potter, kati ya 2001 na 2011, akawa Snape wako. Oscar hakuwahi hata kuteuliwa. Mwaka 1998, akiwa na jina kubwa tayari, alicheza Antony kwenye Antony and Cleopatra ya Shakespeare pamoja na mwigizaji Helen Mirren pale National Theatre, London, na wahakiki wakawachapa bila huruma. Miaka mitatu baadaye alikuwa jukwaani tena. Alifariki London tarehe 14 Januari 2016 kwa saratani ya kongosho, akiwa na miaka 69.

Basi, umechelewa? Kwa umri, hapana. Miaka 31 si kitu kwenye kazi ambayo inahitaji baba, mjomba, mwenyekiti wa kijiji na babu mchawi. Ila ukilinganisha njia yake na yako, kuna vitu vitatu alikuwa navyo ambavyo lazima nikutajie hata kama vitakuuma.

Alikuwa na majumba yanayolipa mshahara. Huku kwetu hayapo kwa namna ile. Mwigizaji wa Tanzania anaunga riziki kwa vipande: tamthilia za televisheni, matangazo, michezo ya redio, maigizo ya kampeni za afya vijijini, na siku hizi kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za kigeni. Kipato hicho kinakuja kama mvua za vuli, mara nyingi kidogo, mara ghafla kingi, kisha kimya. Pili, alikuwa na miaka miwili ya mafunzo ya kila siku kabla hajaomba kazi. Na tatu, nyumbani alikuwa na Rima. Rima alikuwa mhadhiri wa uchumi, baadaye pia diwani London. Sijui mahesabu ya nyumba yao, wala si yangu kuyajua, lakini mwigizaji anayekaa na mtu mwenye mshahara wa kila mwezi anaweza kukataa uhusika mbovu. Asiye naye anaukubali, kisha anaukubali mwingine, mwishowe anajulikana kwa uhusika mbovu. Wanaosimulia habari za vipaji huwa hawapendi kuitaja kodi ya nyumba.

Ndiyo maana sikuungi mkono kwenye Desemba. Siungi mkono pia kwamba uache kuigiza, kama mke wako anamaanisha hivyo, ingawa kwa maneno uliyoyaandika sioni kama amesema hivyo. Amesema umedanganywa na picha, na kwenye hilo yuko sahihi. Ungeweza kumwomba mwenye duka siku tatu au nne badala ya sita, ukachukua kadi za harusi kwa kipande na kuzifanyia nyumbani. Kipato kitashuka, lakini kitashuka kwa kiasi unachokijua. Zile siku mbili au tatu zilizobaki ziwe za kujifunza kweli na kwenda kwenye usaili, si za kulala. Hiyo ndiyo ningeichagua ningekuwa wewe, na ningeipa mwaka mzima.

Kusoma ni njia nyingine. TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni, iko Bagamoyo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina walimu wa sanaa za maonyesho. Nenda ukaulize ana kwa ana kozi zipi zinamfaa mtu wa umri wako, ada ni kiasi gani na ratiba ikoje. Safari ya London usiipe nafasi sasa. RADA bado inapokea watu waliopita ujana, lakini ada kwa mtu anayetoka nje ya Uingereza ni mzigo, na gharama za kuishi mji ule ni mzigo mwingine. Anayetaka kukukopesha fedha za kwenda huko bila kuwa na barua ya chuo mkononi hakutakii mema. Kuacha kazi ghafla kunamfaa mtu mmoja tu, yule ambaye ameshaanza kupata kazi za kuigiza nyingi kiasi kwamba duka linamzuia. Ukifika hapo hutahitaji kuniandikia.

Sasa sauti. Watu husema Rickman alizaliwa na sauti ile. Alichozaliwa nacho, inavyosimuliwa, ni taya lililokaza. Kile kinachosikika kama asali nzito, maneno yanayotoka taratibu kwenye mdomo usiofunguka sana, kwa sehemu kubwa ni mtu aliyefunzwa kufanya kazi na taya lake, si kupigana nalo. Unapomwiga, unaiga dawa ya ugonjwa usio wako.

Uzito wa sauti unatokana na nyuzi za sauti ndani ya koromeo, na urefu na unene wake ni kama urefu wa miguu yako, umepewa. Nyuzi zikivutwa na kuwa nyembamba sauti inapanda, zikilegea inashuka, hadi kufikia sakafu yake. Chini ya sakafu hiyo hakuna noti. Ukilazimisha, unabana koromeo na kulisukuma chini, nyuzi zinasuguana badala ya kupepea, zinavimba. Uvimbe ule unafanya sauti iwe nene kwa muda, nawe unafurahi ukidhani inakomaa! Asubuhi, baada ya usiku mkavu, unakuta haitoki. Kitu kingine ambacho hukuniuliza: duka la uchapishaji lina wino na thina, na mara nyingi feni inapuliza harufu yote usoni. Koo lililovimba halipendi hayo. Fungua dirisha, kaa mbali na dawa, kunywa maji mchana kutwa, usile ukalala papo hapo, na usinong'one ukidhani unapumzisha sauti, maana kunong'ona kwa nguvu nako kunabana.

Nayajua haya kwa kulipa. Nikiwa kijana tulizunguka shule kwa shule na mchezo, viwanja vya wazi, bila kipaza sauti, na mwongozaji wetu alikuwa akisema "toa sauti ya kiume" bila kunionyesha itokee wapi. Nilimaliza ziara sina sauti. Daktari alinikataza kuigiza kwa miezi mitatu, na uhusika niliokuwa nimeahidiwa alipewa mwingine.

Ukitaka kuiba kitu kwa Rickman, kuna cha kuiba kisichoumiza. Tafuta Eye in the Sky, filamu yake ya mwisho kuonekana kwa sura, iliyoingia sinema za Uingereza baada ya kifo chake. Hadithi yake inatokea Nairobi ingawa ilipigwa Afrika Kusini: majeshi yanataka kulipua nyumba yenye magaidi, na nje ya ukuta kuna binti mdogo anauza mikate. Rickman ni jenerali aliyeko chumba cha mikutano London. Helen Mirren yumo pia, ila safari hii wako vyumba tofauti kabisa. Mwanzoni jenerali ananunua mwanasesere wa mtoto, na amekosea aina. Mtu mwenye mamlaka ya kurusha kombora amesimama na boksi la mwanasesere asiyejua ndilo au silo. Tazama hana haraka, hapazi sauti, wala haombi tumcheke. Kisha nenda mwishoni, anapomjibu mwanasiasa anayemlaumu. Sikiliza mahali anaponyamaza. Ananyamaza kabla ya neno zito, si baada yake, na neno hilo analimaliza hadi herufi ya mwisho.

Hilo la mwisho lina faida kubwa kwa Kiswahili kuliko uzito wowote. Lugha yetu inakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mwigizaji anayejishusha sauti humeza silabi ya mwisho. Na huko mwisho ndiko kwenye habari. "Amepiga" na "amepigwa" zinatofautiana pale ulipomeza. Mtazamaji wa safu ya nyuma hajui nani kampiga nani, wewe umejisikia mzito kama radi. Chukua ukurasa mmoja wa mchezo wenu, usome kwa sauti yako ya kawaida, ile unayomwitia mtoto, na hakikisha kila silabi ya mwisho imefika ukutani. Dakika kumi zinatosha. Lakini hilo ni baada ya koo kupona.

Na kuhusu kupona, hapa barua haitoshi. Sauti iliyokauka zaidi ya wiki tatu inatakiwa kutazamwa na daktari wa masikio, pua na koo, anayeweza kuingiza kamera ndogo na kuona nyuzi zenyewe. Wewe umefikisha tano. Mara nyingi ni uvimbe wa kawaida unaoisha kwa kupumzika, wakati mwingine ni vinundu, na mara chache ni jambo linalotaka kuwahiwa; kwa kusikiliza tu hakuna anayeweza kutofautisha, hata mimi mwenye miaka mingi ya kufundisha sauti. Ukianza kupata shida ya kumeza au kupumua, ukiona damu kwenye makohozi, au uvimbe shingoni, usingoje miadi, nenda siku hiyohiyo. Omba rufaa wiki hii, mwambie daktari kazi yako ya mchana na ya jioni, na mtajie hilo zoezi bila aibu.

Mwongozaji wa kikundi chenu mwambie umepumzishwa sauti, lakini mazoezi nenda. Omba ushike muswada, uwakumbushe wenzio mistari, uwashikie nguo za kubadilishia pembeni mwa jukwaa. Ukishatoka kwa daktari niandikie alichoona, na umwombe mke wako aongeze maneno yake chini ya barua. Hesabu ya Desemba tutaifanya watatu.